Tairi Halipasuki Ghafla

Kuna sentensi ambayo msomaji wa magazeti yetu anaweza kuimalizia kabla hajaifikia nukta. Basi limeacha njia na kupinduka, watu kadhaa wamepoteza maisha, majeruhi wamekimbizwa hospitali ya wilaya, na kamanda wa polisi wa mkoa anaeleza kuwa chanzo cha ajali ni kupasuka kwa tairi la mbele. Hapo habari huisha. Kesho yake hakuna anayeuliza tairi hilo lilitengenezwa lini, lilikuwa na upepo kiasi gani asubuhi ile, lilibebeshwa uzito gani, wala nani alilipima mara ya mwisho. Vipande vyake hubaki kando ya barabara mpaka apite fundi wa katambuga avione vinafaa.

Kusema chanzo cha ajali ni tairi kupasuka ni sawa na daktari kuandika kwenye cheti cha kifo kwamba marehemu alifariki kwa sababu moyo ulisimama. Ni kweli, ila haisaidii kitu, maana hakuna maiti ambayo moyo wake unadunda. Kinachotafutwa ni kilichousimamisha moyo huo, kwa kuwa hapo ndipo walio hai wanapopata la kujifunza. Kwa jinsi tunavyoizoea, sentensi ya tairi kupasuka inafanya kazi ya kufunga mjadala. Dereva anaponea hapo, tajiri mwenye gari anaponea hapo, aliyelikagua gari na kulibandika stika anaponea hapo, na lawama yote inabebeshwa kipande cha mpira ambacho hakiwezi kujitetea.

Hoja ya makala haya ni rahisi kuieleza, ingawa wengi wataibishia. Tairi linalopasuka safarini, mara nyingi, lilianza kufa wiki au miezi kabla ya siku hiyo. Lilikufa kwa hatua, likaacha dalili zinazoonekana na kupimika, na dalili hizo mara kwa mara zinarudi kwenye jambo dogo ambalo fundi wa pancha yeyote anaweza kulimaliza kwa dakika tano, nalo ni upepo. Kama hilo ni kweli, basi kupasuka kwa tairi hakustahili kuitwa chanzo. Ni tokeo la mambo yaliyofanywa na watu, na watu hao wanaweza kuulizwa.

Kinachobeba gari

Macho hutudanganya tunapolitazama tairi. Tunaona mpira mweusi, mnene, wenye nyuzi na waya ndani yake, tukaamini kwamba mpira ndio unaolibeba gari. Kumbe kinachobeba ni hewa iliyobanwa ndani, na mpira ni mfuko wake. Toa hewa, na tairi lilelile lililokuwa limenyanyua gari na abiria wake linalala chini ya ringi kama chapati. Ndiyo maana jina la John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo Mskoti aliyekuwa akiishi Belfast, limedumu tangu alipopata hataza yake mwaka 1888. Magurudumu yenye mpira mgumu yalikuwapo kabla yake. Sifa yake ni kuifanya hewa ikubalike kama mchukuzi wa mzigo.

Sasa chukua tairi la saizi 195/65R15, ambalo linafungwa kwenye magari mengi madogo yanayopita mitaani kwetu. Mzunguko wake mmoja unakaribia mita mbili. Kwa hesabu hiyo, katika kila kilomita tairi huzunguka takribani mara 500, na katika kila mzunguko sehemu inayogusa lami hubonyea, ubavu hutuna, kisha vyote hurudi mahali pake. Safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro, isiyofika kilomita 200, inaukunja na kuunyoosha ubavu huo zaidi ya mara 90,000. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hiyo ni karibu mara 14 kila sekunde. Tairi lenye upepo wa kutosha hukunjika kidogo tu, na limeundwa kuvumilia hivyo kwa miaka. Likipungukiwa upepo, mkunjo unakuwa mkubwa, na kila mkunjo unazaa joto, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa kwa vidole unavyopata moto kabla haujakatika.

Joto hilo ndilo linaloua tairi. Ndani yake kuna nyuzi zinazotoka ukingo mmoja kwenda mwingine, juu ya nyuzi kuna mikanda ya waya za chuma, na juu ya mikanda kuna mpira wa kukanyagia, vyote vimeshikanishwa kiwandani viwe kitu kimoja. Joto likizidi, mshikano wa matabaka hayo unaanza kuachia. Hauachii wote kwa siku moja. Leo linaachia eneo la ukubwa wa ukucha, wiki ijayo la upana wa kidole, na bandu bandu huisha gogo. Ndiyo sababu gari linaweza kutembea na upepo pungufu mwezi mzima bila tatizo, kisha tairi likapasuka siku ambayo dereva ametoka kulijaza vizuri kwa ajili ya safari. Siku hiyo ataapa kwamba upepo ulikuwa sawa, na atakuwa anasema kweli. Uharibifu ulishafanyika zamani. Lami ya saa nane mchana imekuja kumalizia tu.

Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilipochunguza ajali zinazohusiana na matairi ilikuta kwamba gari lenye upepo uliopungua kwa zaidi ya asilimia 25 lina uwezekano mara tatu zaidi wa kupata ajali inayotokana na hitilafu ya tairi, likilinganishwa na lenye upepo sahihi. Asilimia 25 si kitu cha kutisha ukikitazama. Kwa tairi linalotakiwa kuwa na psi 32, ni kushuka hadi 24. Matairi ya siku hizi yana kawaida ya kutuna kidogo ubavuni hata yakiwa na upepo kamili, kwa hiyo lenye 24 na lenye 32 yanaweza kusimama bega kwa bega na jicho lisione tofauti. Kulipiga teke hakusaidii. Utingo anayezunguka lori akigonga matairi kwa chuma anaweza kulikamata lililoisha kabisa, ila hawezi kulikamata lililopungukiwa robo. Kwenye ekseli yenye matairi mawili mawili hali ni mbaya zaidi, kwa sababu tairi zima linambebea mwenzake aliyelegea na kumficha, mpaka linachoka na lenyewe.

Imani ya kupunguza upepo

Hapa ndipo ubishi unapoanza. Madereva wengi, tena wazoefu, wanaamini kinyume chake. Wanasema nchi yetu ni ya joto, hewa ikipata joto hutanuka, kwa hiyo anayejaza sana anajitafutia ajali. Heri kupunguza kidogo ili hewa ipate nafasi ya kutanukia. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Nusu yake ni fizikia sahihi kabisa, na ndiyo maana imeenea. Inastahili kujibiwa kwa hesabu, siyo kwa kejeli.

Tuseme tairi limejazwa psi 32 alfajiri, joto likiwa nyuzi 27 za Selsiasi. Baada ya mwendo mrefu hewa iliyo ndani imefika nyuzi 60. Kipimo sasa kitasoma takribani 37. Ongezeko ni psi tano tu, na aliyeliunda gari alilijua tangu mwanzo, kwa kuwa namba anayoitoa ni ya tairi baridi. Kwenye ubavu wa matairi mengi ya magari madogo kumeandikwa kikomo cha psi 44 au 51, na hata kikomo hicho kiko mbali sana na nguvu inayohitajika kulipasua tairi zima. Sasa tumtazame aliyepunguza upepo mpaka 25 ili kukwepa hizo psi tano. Amelifanya tairi likunjike zaidi, mkunjo umeongeza joto, na joto alilolifungia mlango limeingilia dirishani. Kinacholipasua tairi ni udhaifu wa kuta zake, na kuta hizo anazidhoofisha yeye mwenyewe kila kilomita.

Namba sahihi haiko kichwani kwa fundi wa pancha, ambaye aghalabu hujaza magari yote namba moja. Haiko ubavuni mwa tairi pia, kwa kuwa ile ni ya kikomo. Namba iko kwenye gari. Fungua mlango wa dereva utazame nguzo ambayo kitasa hujifungia. Kwa gari lililotoka Japani utakuta karatasi ndogo iliyogandishwa, yenye maandishi ya Kijapani ambayo wengi huyapita kama mapambo. Maandishi huyahitaji. Tafuta saizi ya tairi, mfano 195/65R15, na pembeni yake namba kama 220 kPa, au 2.2 iliyoandikwa kwa kilo kwa sentimita ya mraba. Kilopaskali 100 ni sawa na psi 14.5, hivyo 220 ni psi 32. Magari mengine yana namba tofauti ya mbele na nyuma, na mengine yana ya ziada kwa siku ambayo gari limejaa watu na mizigo.

Upimaji nao una saa yake. Tairi hupimwa likiwa baridi: asubuhi kabla gari halijatoka, au baada ya kuegeshwa kwa saa tatu hivi. Anayeendesha kutoka Mbagala hadi Mwenge, kisha akapima kwenye kituo cha mafuta na kukuta 34, anaweza kupunguza mpaka 32 akidhani amerekebisha, kumbe amelipunguzia tairi upepo lililokuwa likiuhitaji. Tena tairi zima, lisilo na pancha, hupoteza karibu psi moja kwa mwezi kwa hewa kupenya taratibu kwenye mpira na kwenye vali. Anayepima mara mbili kwa mwaka ana uhakika wa kutembea na upepo pungufu miezi mingi. Wanaouza naitrojeni husema dawa ni hiyo, na ni kweli kwamba hupenya polepole kidogo. Lakini hewa tunayovuta bure tayari ni asilimia 78 naitrojeni, na tairi la naitrojeni lisilopimwa halina ubora wowote juu ya tairi la hewa linalopimwa.

Tairi lililoizidi gari umri

Upepo una mwenzake ambaye hasikiki sana, nao ni umri. Tumezoea kulihukumu tairi kwa kashata zake, yale matuta ya mpira yanayokanyaga barabara. Yakiisha tunaliita kipara na kulikimbia, na tunafanya vyema, kwa sababu mifereji iliyo kati ya matuta ndiyo inayotoa maji wakati wa masika ili mpira uiguse lami. Ndani ya mifereji hiyo viwanda vimeweka vijituta vya alama vyenye kimo cha milimita 1.6, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachoruhusiwa kisheria katika nchi nyingi. Matuta yakilingana navyo, tairi limekwisha. Kosa letu ni kuugeuza ukweli huo na kusema kwamba lenye kashata nzuri ni zima.

Usiku wa tarehe 10 Septemba 2012, basi lililokuwa likiwarudisha vijana kutoka kwenye tamasha la muziki katika kisiwa cha Wight, Uingereza, liliacha barabara karibu na Hindhead na kugonga mti. Watu watatu walifariki. Tairi la mbele lilikuwa limepasuka, na kwa desturi yetu habari ingeishia hapo. Wenzetu walilichunguza tairi lenyewe. Kashata zake zilikuwa ndani ya kiwango cha sheria, lakini lilikuwa na umri wa miaka 19, yaani lilizaliwa kabla ya basi lenyewe. Mama wa mmoja wa waliofariki alihangaika kwa miaka akidai sheria ibadilishwe, na tangu tarehe 1 Februari 2021 ni marufuku nchini humo kutumia tairi lenye zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya lori au basi. Sheria hiyo isingepatikana kama mchunguzi angetosheka na kuandika kwamba tairi lilipasuka.

Mpira huzeeka hata ukilala. Hewa ya oksijeni na joto huukausha, ukapoteza ulaini, ukapata nyufa nyembamba kama za udongo wa ziwa lililokauka. Joto huharakisha uzee huo, na pwani yetu haina uhaba wa joto. Kwa hiyo tairi la spea ambalo halijawahi kugusa lami, lililokaa ndani ya buti tangu gari lishuke bandarini, linaweza kuwa bovu kuliko manne yanayozunguka. Umri wake si siri. Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna mfululizo wa alama unaoishia na tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka sita, na baadhi ya watengenezaji wa matairi huweka 10 kuwa ukomo hata kama linaonekana jipya. Mnunuzi wa tairi la mtumba anayesugua kashata kwa kidole gumba bila kusoma tarakimu hizo ananunua sura, na muuzaji anajua.

Tarakimu nyingine za kusoma ni za uzito. Pembeni ya saizi kuna namba kama 91 au 106, ikifuatiwa na herufi ya mwendo. Namba 91 maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja. 106 ni kilo 950. Tairi la gari dogo la 195/65R15 na lile la 195R15C la Hiace yana upana uleule na yanaingia kwenye ringi ya kipimo kilekile cha inchi 15. Fundi anaweza kulifunga la kwanza mahali pa la pili, na abiria asione kitu zaidi ya tairi jeusi linalong'aa. Kila pembe ya gari hilo sasa imepungukiwa uwezo wa kilo zaidi ya 300, kabla konda hajaanza kuwaomba abiria wasogee nyuma. Na uwezo huo wa maandishi unahesabiwa tairi likiwa na upepo kamili. Ukipungua upepo, nao unashuka.

Majibu kwa wanaopinga

Kuna watakaosema tunamwonea mwenye gari, kwamba adui halisi ni barabara. Mashimo ya mvua, matuta yasiyo na alama na kokoto za barabara za vumbi vinakata tairi lolote. Hilo halina ubishi, na wanaozijenga na kuzikarabati barabara wanadaiwa. Lakini shimo halipigi matairi yote sawa. Tairi lenye upepo kamili hulisukuma pigo lirudi. Lililolegea hubonyea mpaka ubavu unabanwa kati ya ringi na ukingo wa shimo, nyuzi zikakatika ndani bila mpira wa nje kuchubuka. Siku chache baadaye ubavu unaota nundu. Nundu hiyo ni hewa iliyopata njia mahali nyuzi zilipokatika, na hakuna fundi anayeweza kuitibu. Barabara mbovu, kwa hiyo, ni sababu ya kupima upepo mara nyingi zaidi. Hali kadhalika pancha: anayetembelea tairi lililokwisha upepo hata kwa kilomita moja, ili amfikie fundi, huusaga ubavu kwa ndani. Tairi likivuliwa, unga mweusi wa mpira humwagika sakafuni kama masizi. Fundi mwaminifu akiuona unga huo hulikataa tairi, hata kama tundu lenyewe ni dogo kuliko ncha ya msumari.

Wengine watasema tatizo ni ubora, kwamba soko limejaa matairi dhaifu na wanyonge hawana chaguo. Hoja hii ina uzito kuliko zote, kwa kuwa wenye viwanda nao hupenda kumtupia lawama mtumiaji. Mwaka 2000 kampuni ya Bridgestone/Firestone iliyaita matairi milioni 6.5 yarudishwe, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya mpira wa kukanyagia kubanduka magari yakiwa kwenye mwendo. NHTSA ilivihusisha vifo 271 nchini Marekani na matairi hayo. Mwaka mmoja kabla, Ford ilikwisha kuyabadilisha matairi ya aina hiyo kwa wateja wa Saudi Arabia. Majimbo ya Marekani yaliyoumia zaidi yalikuwa yale ya joto kali, kama Texas, Florida na Arizona. Mwaka 2001 mamlaka hiyo ilihitimisha kwamba baadhi ya matairi yalikuwa na kasoro ya kiwandani. Basi mtumiaji hakuwa na kosa? Ndivyo ilivyo, lakini tazama upepo ulivyorudi tena kwenye kesi hiyo. Ford ilikuwa imewashauri wenye magari wajaze psi 26, Firestone ikasisitiza 30 ndiyo inayofaa, na wataalamu walibishana jinsi upepo mdogo, mzigo na joto vilivyoikuza kasoro. Tairi dhaifu halina akiba ya kuvumilia uzembe. Anayelazimika kununua la bei ndogo ndiye anayehitaji geji kuliko tajiri mwenye la bei kubwa.

Kesi hiyo inafundisha na jambo la pili. Kasoro ya kiwanda ilijulikana kwa sababu matairi yaliyopasuka yalihesabiwa, yakaandikwa aina yake, kiwanda chake na mazingira yake, mpaka mfanano ukaonekana. Mwaka huohuo wa 2000 Marekani ilitunga sheria iliyozaa sharti la kila gari dogo jipya, kuanzia Septemba 2007, kuwa na kifaa kinachomwonya dereva upepo ukipungua kwa robo. Ulaya ikafuata, na kuanzia Novemba 2014 kila gari jipya la abiria linalouzwa huko sharti liwe nacho. Nchi inayoandika "tairi lilipasuka" na kufunga faili haiwezi kumkamata mwenye kiwanda mkorofi wala mwenye gari mzembe. Wote wawili wanajificha nyuma ya neno moja.

Hoja ya gharama ndiyo inayosikika zaidi vituoni. Dereva wa daladala anadaiwa hesabu kila jioni, na tairi ni mali ya tajiri. Kwa nini apoteze nusu saa na fedha yake kwa upepo? Tajiri naye anasema hawezi kulitembelea gari kila alfajiri. Kila mmoja anaona ni kazi ya mwenzake, na tairi linabaki yatima. Lakini gharama inalipwa hata hivyo. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila psi moja inayopungua kwenye matairi yote hula takribani asilimia 0.2 ya mafuta, na tairi lililolegea huisha kingo mapema huku katikati kukiwa bado kuna mpira. Ukiliinamia tairi utaisoma hasara hiyo: kingo mbili zimelika, upepo ulikuwa mdogo; katikati kumelika, ulizidi; upande mmoja tu, magurudumu hayajanyooka. Kipimo cha mkononi kinagharimu sehemu ndogo ya bei ya tairi moja, na kinadumu miaka.

Mwisho kabisa kuna jibu linaloandikwa hata kwenye vioo vya nyuma vya magari: ajali haina kinga. Msemo huo una hekima yake ya kumfariji aliyefikwa, na haifai kumnyang'anya mfiwa. Ila ulikusudiwa kwa ajali, yaani lile ambalo mtu amejitahidi na bado likampata. Tairi la miaka 12 lililojazwa kwa kukisia, likabebeshwa mzigo usio wake, likakimbizwa mchana wa jua kali kutoka Chalinze hadi Segera, halijafikwa na ajali. Limefika mahali lilipopelekwa.

Kama tunaukubali uchambuzi huu, linalofuata ni la kawaida sana. Mabasi yetu ya mikoani tayari yanafuatiliwa mwendo kwa mfumo unaosimamiwa na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, kwa sababu taifa lilikubali kwamba mwendokasi ni tabia ya watu na hupimika. Upepo na umri wa tairi ni vyepesi zaidi kupima: askari anahitaji geji, tochi na daftari. Kwenye ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama, kabla ya stika kugusa kioo, tarakimu nne za kila tairi na namba ya uzito vinaweza kuandikwa. Baada ya ajali, taarifa ya chanzo inaweza kudaiwa mistari minne ya ziada: wiki na mwaka wa tairi, uwezo wake, mzigo uliokuwamo, na upepo wa matairi yaliyosalimika, kwa kuwa yale matatu au matano yaliyobaki mazima husema mengi kuhusu matunzo ya lile lililokufa. Waandishi wa habari nao wanaweza kumuuliza kamanda swali moja zaidi kabla hawajafunga daftari.

Abiria hana mamlaka hayo, lakini ana macho. Basi likiwa limesimama stendi, injini ikinguruma na konda akihimiza watu wapande, tairi la mbele liko kwenye kimo cha magoti yake, limegeuza ubavu kwake, na tarakimu nne zimeandikwa hapo tangu siku lilipotoka kiwandani. Kuzisoma kunachukua muda mfupi kuliko kununua maji ya chupa. Akikuta zimefutika au zinamrudisha zamani mno, safari nyingine huondoka baadaye.